Mteja hapatikani kwa sasa, yuko kwa maombi

Bwana asifiwe mama,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, niko na miaka 31, nakaa Zimmerman hapa Nairobi na mume wangu. Niliokoka nikiwa form two kwa CU, ule ushirika wa wanafunzi Wakristo shuleni, na sai hapa kanisani nimepewa ushirika wa akina mama niuongoze. Nakuambia hivyo ujue anayekuandikia sio mtu wa nje, ni mtu ambaye Jumatano jioni anasimama mbele ya wenzake anawaambia tuombe bila kukoma, na yeye mwenyewe haombi.

Kazi yangu ni mitumba. Siku za kufunguliwa beli naamka saa kumi naenda soko la Gikomba nachagua kamera, yaani zile nguo safi za daraja la kwanza, magauni na blauzi za ofisi, nikirudi napiga pasi, natundika kwa mlango, napiga picha, naweka status. Wateja wangu karibu wote wako WhatsApp, wengine hata sijawahi kuwaona uso kwa uso, kuna wa Kitengela, kuna wa Rongai, kuna wenye natumia mzigo na matatu mpaka Nakuru. Kwa hivyo simu kwangu sio ya raha, simu ndio duka. Ukichelewa kujibu kidogo tu mteja ashaenda kwa mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni mtu mlichagua naye kwa beli moja.

Sasa shida iko hapa. Naweka alarm kwa simu saa kumi na moja ndio niombe. Ikilia nashika simu niizime, na hapo hapo naona meseji za usiku, "mambo, size 14 iko?", "hiyo ya maua ni how much", nasema wacha nimjibu huyu mmoja tu nisipoteze pesa alafu niombe, nikimaliza kumjibu naangalia ni nani ameona status, alafu hata sijui naingiaje kwa zile video fupi, na sio mambo mabaya mama, nyingi ni za wahubiri na kwaya, natazama moja, inakuja nyingine, inakuja nyingine, nakuja kushtuka mtoto ameamka ni saa kumi na mbili na nusu na uji haujawekwa. Naomba nikikoroga uji. Maombi yenyewe ni Bwana asante kwa siku ya leo tulinde amina.

Biblia pia iko kwa simu. Ile ya karatasi tulipewa siku ya harusi iko juu ya kabati pamoja na masanduku. Nikifungua sura kwa simu, kabla nimalize mistari miwili meseji inashuka juu ya skrini na hata nisipoifungua nashinda nikifikiria ni nani na anataka nini. Usiku ndio mbaya zaidi, nalala nayo mkononi, kuna siku iliniangukia usoni.

Kilichofanya niandike ni mtoto. Ana miaka 4. Juzi tulikuwa tunataka kulala nikamwambia niletee Biblia tuombe, akaenda mbio akaniletea simu. Kwake hiyo ndio Biblia. Baba yake akacheka akasema, "si Mungu wa mama yako anakaa humo ndani." Hakusema kwa ubaya, ni fundi wa magari, ni mtu wa mzaha, lakini usiku huo sikulala.

Nimejaribu. Januari kanisa lilikuwa na mfungo wa siku 21, nikafuta apu zote za video, nikasikia amani nikasoma Zaburi nyingi tu, mfungo ukaisha nikazirudisha na nikaanza kuangalia kuliko mwanzo. Tangu hapo najiona mnafiki. Dada mmoja kanisani ananiambia niuze simu ninunue kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, nimalizane na hii mambo, mwingine anasema hiyo ni roho inataka kukemewa. Mume wangu anauliza nikiuza simu tutakula nini. Mama, je, mimi bado nimeokoka ama nadanganya watu? Na hii simu nifanye nayo nini?

Mama wa Zimmerman

*

Amina, binti yangu. Jina lako halitatoka hapa.

Swali la wokovu nalijibu kwanza kwa sababu najua ndilo limekunyima usingizi. Umeokoka. Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na hiyo haikutokana na nafsi zetu, ni kipawa cha Mungu, kwa hivyo kama haikuletwa na devosheni haiwezi ikaondolewa na status. Na mtu ambaye roho yake imekufa hashtuki mtoto akimletea simu badala ya Biblia, angecheka pamoja na baba mtu wakalala. Wewe uliumia ukaamka ukaandika barua. Huo uchungu ni Roho Mtakatifu anakuita, tafadhali usiuchanganye na ile sauti nyingine inayokuambia wewe mnafiki wachana na ushirika wa akina mama. Usiuache.

Hao dada wawili wanakupenda lakini sikubaliani nao. Kuna mambo ya kukemea na kuna mambo ya kupanga, na hii yako ni ya kupanga. Ukikemea simu alafu ulale nayo chini ya mto, asubuhi utaikuta hapo hapo. Na huyo wa kusema uuze, mumeo amemjibu vizuri kuliko vile mimi ningemjibu. Hiyo simu inalipa nyumba na itakuja kulipa karo, kazi ya mikono yako ni baraka ya Mungu sio adui yake. Mtume Paulo kwa 1 Wakorintho 6:12 anasema vitu vyote ni halali kwake lakini si vyote vifaavyo, alafu anaongeza, "lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote." Soma hapo polepole. Hakusema atavitupa vyote. Alisema havitamtawala. Kwa hivyo wewe na mimi tunatafuta vile simu itabaki duka na iache kuwa bwana wa nyumba.

Chukua Marko sura ya 1 sasa, kuanzia mstari wa 32, na uisome ukijiweka pale Kapernaumu. Jua limezama, watu wanaleta wagonjwa wote, na Biblia inasema mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Mji wote. Yesu anawaponya, sijui alilala saa ngapi, lakini mstari wa 35 unasema alfajiri na mapema sana aliondoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Watu wengi wanahubiri huo mstari wanaachia hapo, wanakuambia amka mapema. Endelea. Simoni na wenzake wakamfuata, na walipompata wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Hao waliokuwa wanamtafuta hawakuwa wanauliza size 14, walikuwa wagonjwa, watu wenye shida za kweli, wengine pengine walikuwa wamefika usiku wakakosa nafasi. Na Yesu hakuomba msamaha kwa kutopatikana. Hakusema pole nilikuwa offline. Akawaambia twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, akahubiri huko pia. Alijua la kufanya siku hiyo kwa sababu alikuwa ameshaongea na Baba kabla watu hawajamfikia.

Hapo ndipo naona shida yako iko, kuliko hata kwa zile video. Unaogopa kutopatikana. Umesema mwenyewe, ukichelewa kidogo mteja ameenda. Hiyo hofu ndiyo inakufanya uweke Biblia ndani ya kitu kile kile ambacho wateja wanapitia, kisha unashangaa wanaingia. Kuomba na hiyo simu mkononi ni kama kufunga huku umekaa kwa hoteli chapati zikitolewa moto kwa sufuria mbele yako, pengine hutakula lakini hutafikiria kitu kingine. Sisi Wakenya wote tunaijua ile sauti ya mama kwa simu inayosema mteja hapatikani kwa sasa. Nataka wewe uwe huyo mteja, kila siku, kwa saa tutakazopanga, na usione haya.

Na usijilaumu sana juu ya Januari. Ulifuta apu kwa siku 21, ukazirudisha, ukazidi. Hizo vitu zimetengenezwa ili usiweze kuacha na watengenezaji wenyewe wamesema. Ule mtindo wa ukurasa usioisha, kwamba ukisukuma chini kinakuja kingine na kingine bila kufika mwisho, ulibuniwa 2006 na Mmarekani anaitwa Aza Raskin, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Mwaka 2017 Reed Hastings wa Netflix aliwaambia wawekezaji wake kwamba wanachoshindana nacho ni usingizi wa watu. Sasa wewe saa kumi na moja asubuhi, macho bado mazito, unataka kushindana na watu kama hao kwa nguvu ya nia peke yake? Haiwezekani, na Mungu hajakuambia ushindane hivyo. Yusufu alipoona mke wa Potifa amemshika nguo hakukaa akajipima imani, alikimbia akamwachia nguo. Kukaa mbali na kitu ni jambo la kiroho kabisa. Tena mfungo ulikupatia kuondoa, haukukupatia cha kuweka mahali pake siku ya 22, ndio maana nyumba ilibaki tupu ikajazwa tena na yale yale.

Kwa hivyo tupange, na tuanze usiku kwa sababu asubuhi yako inaharibikia usiku.

Kabambe nunua, lakini usiuze simu. Pale Luthuli au hata hapo Zimmerman kwa duka la simu utapata ndogo ya vibonyezo isiyo na mambo mengi. Weka laini ya pili, nambari yake mpe mume, mama yako, jirani mmoja na yule dada ambaye nitakutajia baadaye, wateja hapana. Hiyo kabambe ina alarm na ina tochi, stima zikipotea umepona. Hiyo ndiyo italala karibu na kitanda. Ile kubwa ifike saa tatu usiku iende kuchajiwa mahali ambapo ni lazima usimame na upande kiti kuifikia, na mahali penyewe nimepaona kwa barua yako, ni juu ya kabati. Biblia ya harusi ishuke, simu ipande pale. Fanya hivyo leo jioni, na mtoto akiwepo aone. Hutahitaji kumfundisha somo lolote, mtoto wa miaka 4 anajifunza kwa kuona mkono wa mama unaenda wapi, na wiki chache tu ukimwambia leta Biblia ataleta kitabu.

Wateja nao usiwaache hewani, hiyo si heshima. Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida hamia ile ya biashara, WhatsApp Business, ni ya bure na nambari yako inabaki ile ile. Ndani yake kuna mahali pa kuandika ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa haupo, na unaupangia masaa, kwa mfano saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Andika kitu kama "Asante kwa kuniandikia, nimefunga kwa leo, nitakujibu kuanzia saa moja asubuhi, nguo uliyouliza nitakuwekea ukiitaja kwa meseji." Hayo maneno ya mwisho ni muhimu, mteja akijua amewekewa hatakimbia. Jambo moja tu, ujumbe huo hautoki simu ikiwa haina mtandao, kwa hivyo usizime data ukiipandisha kabatini, izime sauti tu, na ukumbuke kununua bando ya kukufikisha asubuhi. Sitakudanganya, pengine utapoteza mteja mmoja au wawili wale wa usiku wa manane. Wengi watazoea, watu wanajua hata duka la kona linafungwa.

Sasa asubuhi. Yesu kwa Mathayo 6:6 anasema ingia katika chumba chako cha ndani, ufunge mlango. Nazijua nyumba za huko, chumba cha ndani mara nyingi ni pazia. Usisubiri Mungu akupe nyumba ya vyumba vitatu ndio uombe. Weka kistuli jikoni, funga huo mlango hata kama ni wa mbao nyembamba, na kistuli hicho kikae hapo na kazi yake iwe hiyo. Mahali pakiwa pale pale na saa ile ile, mwili unazoea, unajikuta umeanza kuomba kabla hata hujaamua. Danieli alikuwa mtu mkubwa serikalini, mwenye kazi nyingi kuliko mimi na wewe, na sura ya 6 inatuonyesha alikuwa na chumba chake chenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu na akipiga magoti mara tatu kwa siku. Amri ya mfalme ilipotoka hakuanzisha ratiba mpya kwa hofu, alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mazoea yake yalikuwa tayari yamesimama siku mambo yalipoharibika.

Usianze na saa nzima. Najua kwa ushirika mnasimuliana habari za kuamka saa tisa usiku na za kesha, na kesha ni nzuri, nimezikesha nyingi, lakini kesha ya Ijumaa haiwezi kubeba Jumatatu mpaka Alhamisi. Anza na dakika 15. Soma Marko, iko na sura 16 tu, sura moja kwa siku, na soma kwa sauti ya chini badala ya kusoma kwa macho peke yake maana kwa ploti kuna kelele za ndoo na redio ya jirani na akili inahitaji kitu cha kushikilia. Ukimaliza nyamaza kidogo. Alafu omba juu ya kile umesoma, kwa majina ya watu, kwa shida zenye majina. Ukiomba "tulinde" hujui hata ulikuwa unaomba ulindwe na nini.

Na mawazo yatakuja. Utakuwa umepiga magoti alafu unakumbuka yule wa Kitengela hajalipa, au rider hajachukua mzigo wa Rongai. Usipigane nayo na usianze kujihukumu. Weka kando yako ile exercise book ya kawaida na kalamu, andika "Kitengela, deni" kisha rudi kwa maombi. Likishaandikwa kwa karatasi kichwa kinaliachilia kwa sababu kinajua halitapotea. Mwisho wa siku chache utagundua pia kitu kingine, kwamba mengi ya hayo yaliyokuwa yanakusumbua yalikuwa yanastahili kuombewa, kwa hivyo ukurasa huo wa deni na mizigo unageuka kuwa orodha ya maombi. Muombee huyo wa Kitengela, jina lake unalijua, shida yake pengine hata alikuambia wakati alikuwa anakuomba umpunguzie bei.

Siku za Gikomba ni tofauti, usijidanganye kwamba utaamka saa nane ili uwahi devosheni kabla ya beli, utachoka utachukia. Siku hizo andika mstari mmoja kwa kikaratasi weka kwa mfuko, ukae nao kwa matatu ukishuka Thika Road, na simu ibaki ndani ya kibeti ambako hata kwa usalama wako ndiko inafaa kuwa saa hizo. Kistuli chako utakikalia ukirudi, kabla hujawasha pasi. Pasi ikishawaka siku imeanza, huwezi kuirudisha.

Kuna siku utaanguka. Utaamka utapanda kiti utashika simu na saa moja itapita. Watafiti wa University College London, Phillippa Lally na wenzake, waliwafuata watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kufanya kila siku, kwa mfano kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, ili waone inachukua muda gani jambo liwe mazoea. Kwa wastani ilikuwa siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na kulikuwa na ambaye kwa makadirio yao ingemchukua 254. Kwa hivyo zile siku 21 za Januari kwa watu wengi ni mwanzo tu. Na kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga safari ya mtu. Kinachovuruga, na hii nasema mimi kwa sababu nimekaa na akina mama wengi, ni ile wiki nzima ya kujihukumu inayofuata hiyo siku moja. Maombolezo 3 inasema rehema za Bwana hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Ukianguka Jumanne, kistuli kiko hapo Jumatano.

Nirudi kwa zile video za wahubiri maana umezitetea kidogo. Sikatai kwamba neno ni neno. Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Lakini jiulize jioni, kati ya yote niliyotazama asubuhi naweza kumwambia mume wangu kitu gani? Kama hakuna hata kimoja basi hukulishwa, ulipumbazwa na maneno matamu. Kipande cha sekunde 40 kimekatwa pale watu wanapiga makofi, hujui alisema nini kabla wala baada. Watu wa Beroya kwa Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo, Paulo mwenyewe, na bado waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Na sisi hapa Kenya baada ya Shakahola 2023, baada ya mamia ya miili ya waumini wa mhubiri mmoja kufukuliwa kule Kilifi, hatuna ruhusa ya kumeza mafundisho bila kufungua Biblia wenyewe. Wewe unaongoza wengine, kwako hiyo ni lazima mara mbili. Chagua mahubiri mamoja kwa wiki, marefu, kamili, yasikilize ukipiga pasi na andiko lake uliandike uje ulisome kesho yake kwa kistuli. Zile fupi ziache, na apu yake iondoe kabisa kwa simu kama haiuzi nguo.

Na magrupu. Ukiwa kiongozi najua uko kwa grupu la ushirika, grupu la maombi, la kwaya, la harambee za mazishi na la wale wa shule, na kila moja saa kumi na moja asubuhi lina mtu ameamka kutuma picha ya maua na habari ya asubuhi. Zinyamazishe zote. Za kanisa pia, ndiyo. Soma mara moja mchana mara moja jioni.

Kitu kingine, na hapa naomba univumilie. Ukianza kuona matamu, usipige picha Biblia ikiwa wazi kando ya kikombe cha chai ukaweka status. Najua inafanywa na watu wazuri na haina nia mbaya. Lakini ukiipiga tu, umeshaileta simu ndani ya chumba cha ndani, na Yesu alisema Baba aonaye sirini atakujazi. Kaa na siri hii na Mungu kwa miezi kadhaa.

Mtu mmoja tu ndiye ajue, na huyu ndiye niliyekuambia umpe nambari ya kabambe. Mtafute mama mmoja kwa huo ushirika, asiwe wa kukuogopa wala wa kueneza maneno, umweleze haya yote kama ulivyonieleza. Ndugu wa uamsho hapa Afrika Mashariki, wale walioanzia Rwanda miaka ya 1930 na moto ukafika Kenya, walikuwa na desturi ya kukutana na kusemezana ukweli wa maisha yao, wakaita kutembea nuruni, na imewabeba wazee wetu mpaka leo bila simu ya aina yoyote. Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana. Mwambie akupigie kwa kabambe Jumamosi jioni akuulize maswali mawili, umesoma nini wiki hii, na simu ililala wapi. Na wewe umuulize hayo hayo, usikute naye ana kabati yake.

Mumeo usimhubirie. Alisema neno lenye ukweli ndani ya mzaha na wewe ulilisikia, inatosha. Mwambie tu kwamba simu italala juu ya kabati kuanzia saa tatu na umwombe akusaidie kuipandisha, yeye ni mrefu. Yake mwachie. Hizo saa mbili za usiku zilizokuwa zinaenda kwa skrini zitabaki wazi na mwanzoni utaona kama nyumba ina kimya kibaya, mikono itatafuta kitu, utaenda jikoni bila sababu. Ongea naye. Muulize habari za gereji, gari gani lilimsumbua leo. Kuna wake wengi wananiandikia juu ya maombi na ukichimba unakuta ni miezi hawajaongea na mume wakiwa wanaangaliana.

Jumatano ukisimama mbele ya akina mama, usifundishe habari za simu bado. Wasomee Marko 1 kuanzia mstari wa 32 mpaka wa 39 na uwaulize ni nani anawatafuta wao asubuhi kabla hawajaongea na Mungu. Nyamaza uwasikilize. Utashangaa ni wangapi wako pale ulipo.

Ile meseji ya kujituma iandike leo kabla ya saa tatu, haichukui muda, na umwombe dada yako mmoja ajaribu kukuandikia kwa WhatsApp baada ya saa hiyo, akuambie kama imetoka. Ukifika Marko 16 niandikie tena.